Nyumba ya Nyasi Haingoji

Wako ndugu zetu Wakristo wa pande hizi za Mwanza wasemao kwamba ngoma za Kisukuma ni ushenzi mtupu, na kwamba nyumba ya msonge ni aibu kwa mtu aliyesoma. Sisi tuliopewa kazi ya kuwafundisha watoto wao twawajibu: mwawanyima watoto urithi wao, wala hamwokoi roho hata moja.

Nendeni Bujora, karibu na Kisesa, katika njia iendayo Musoma. Huko, katika miaka ya 1950, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba za Wasukuma. Huko pia, kila mwaka mwezi wa Juni, baada ya mavuno, hufanyika Bulabo, sikukuu yenye jina la maua, iliyoanzia katika maandamano ya Sikukuu ya Ekaristi. Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na kundi livutalo watu wengi ndilo lishindalo.

Twajua mtakalosema: wachezaji hutafuta dawa za kuvuta watazamaji. Ni kweli, na dawa hizo twazikataa. Lakini mkulima akiona magugu hung'oa magugu, halitii shamba moto. Bugobogobo, ngoma ya majembe, humfundisha kijana kulima pamoja na wenzake. Je, jembe lina dhambi gani?

Labda mtasema tena kwamba majengo ya kale yenye heshima ni yale ya Kilwa Kisiwani, yenye msikiti mkubwa ulioanzishwa katika karne ya 11, mji aliofika Ibn Battuta mwaka 1331. Ni haki kuyasifu. Lakini mawe hungoja. Watu waweza kuyasahau miaka mingi, wakirudi wayakute. Nyumba ya fito na nyasi haingoji: mchwa na mvua huimaliza upesi, nayo hudumu kwa sababu moja tu, kwamba iko mikono ijuayo kuijenga tena. Watemi waliondolewa katika utawala kwa sheria mwaka 1963. Nani basi ataezeka ikulu isiyo na mtemi? Na ngoma ni vivyo hivyo: isipochezwa, haina gofu la kuonyesha kwamba ilikuwako.

Hatusemi mtu aliondoe bati lake. Bati ni jema. Twasema kila shule iwaite wazee wa kijiji wajenge msonge mmoja uwanjani, na wanafunzi washike fito na kamba kwa mikono yao. Tena mwezi wa Juni tuwapeleke watoto Bujora pasipo haya.

Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Tusikawie. Nyumba haingoji, wala mzee ajuaye kuiezeka hangoji.