Ada Imefutwa, Lugha Imebaki Langoni

Wapo waungwana, hata wa visiwani, ambao wakisikia kwamba mtoto wa Nyansurura, kule mkoani Mara, hakumaliza sekondari, jibu lao huwa tayari: watu wa bara ile wapenda ng'ombe kuliko kalamu. Serikali imefuta ada, husema, shule za kata zimejengwa, asiyesoma kajitakia.

Ada imefutwa, ni kweli. Tangu Januari 2016 zile shilingi 20,000 za mwaka za shule ya kutwa hazidaiwi tena hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikafuata. Zanzibar ilitangulia, ilipotangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964. Ni jambo jema, wala hapana wa kulikana. Lakini ada haikuwa kufuli pekee.

Mtoto wa Nyansurura hukua na Kikuria, Kingoreme au lugha nyingine ya majirani hao. Darasa la kwanza hukikuta Kiswahili, akakishika, akakimudu, akasomea hesabu na sayansi miaka yote ya msingi. Akifika kidato cha kwanza, moyo na mapafu aliyokwisha kuyajua huyakuta yamebadilishwa majina, na mwalimu aliyekuwa akieleza sasa hunakilisha ubaoni. Mwenzake aliyelipiwa shule ya binafsi amekisoma Kiingereza tangu chekechea. Wawili hao huketishwa kwa mtihani mmoja, na jambo hilo huitwa usawa. Matokeo ya kwanza ya kidato cha nne cha mwaka 2012, kabla ya kupangwa upya, yalionyesha watahiniwa sita katika kila kumi wamepata sifuri. Walimu wakalaumiwa, maabara zikalaumiwa, wanafunzi wenyewe wakaitwa wavivu. Lugha ikatajwa kwa sauti ya chini.

Wala haikuwa siri. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Aliyeiongoza serikali hiyo alikuwa Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, mkoa uo huo wa Mara, aliyelelewa kwa Kizanaki na hata hivyo akamvika Shakespeare Kiswahili: Julius Caezar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Ajabu iliyoje! Lugha iliyoweza kuibeba hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari ikaambiwa haiwezi kubeba kanuni ya wenzo. Sera ya mwaka 2014 ilikifungulia njia Kiswahili hadi ngazi za juu. Madarasani hapakubadilika kitu.

Na msichana je? Wilayani Serengeti na Tarime msimu wa ukeketaji, uliokatazwa na sheria kwa wasichana tangu 1998, huangukia Desemba, kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza. Wapo wanaokimbilia nyumba salama ya Mugumu ili wapate kusoma. Aliyekwisha kukikimbia kisu na kuwaacha wazazi wake, akafika darasani Januari, hupokewa kwa maneno asiyoyaelewa. Nani wa kumwambia huyo kwamba hapendi shule?

Washairi nao wasijitoe. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilipohamisha hesabu na sayansi kuwa kwa Kiingereza tangu darasa la tano, nyumbani kwa Kiswahili kwenyewe, hazikusikika beti nyingi za kupinga. Wengi hukisifu Kiswahili jioni kwa vina na mizani, na asubuhi huwapeleka wanao shule isiyokitaka, ambayo ada yake hupita milioni. Wana haki ya kuwatakia wanao mema. Hawana haki ya kumcheka asiye na milioni.

Anayemlaumu mtoto wa Nyansurura na amtungie kwanza mtihani wa baiolojia kwa Kiswahili, ausahihishe kwa mkono wake, kisha aje aseme habari za ng'ombe.