Ardhi Iliyojeruhiwa na Hesabu za Ofisini

Tangu mwaka 1993 sisi wa Kasulu na Kibondo tumewapokea majirani waliokimbia vita vya Burundi na kisha vya Kongo. Hatujutii, maana kumpokea mgeni ni wajibu. Lakini maelfu ya watu hupika kila siku, na kuni zao zilitoka katika misitu ya miombo iliyozizunguka kambi. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mtendeli, katika eneo lililokuwa la Kibondo kabla ya kuundwa Wilaya ya Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Watu huondoka, ardhi iliyojeruhiwa hubaki.

Ni nani hulipia uponyaji wake? Kwa mgodi mkubwa, sheria zetu humtaka mwenye mgodi aweke dhamana ya kuitengeneza ardhi. Kambi haina mwenyewe wa kudaiwa dhamana. Miche, matuta ya kuzuia mmomonyoko na majiko sanifu hulipiwa kwa fedha za umma, yaani kodi za wananchi wa nchi wahisani na za kwetu pia.

Gharama za usimamizi si dhambi. Bwana miti hulipwa, gari hutaka mafuta, hesabu hutaka mkaguzi. Marekani, ambayo tangu mwaka 1977 hutoza makaa ya mawe ada ya kuponya machimbo yaliyotelekezwa, nayo hutenga sehemu kwa wasimamizi. Mwaka 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliridhia asilimia 13 kuwa kiwango cha kawaida cha usimamizi katika mifuko ya michango ya hiari.

Taabu huja ngazi zinapopandana. Mfadhili hulikabidhi shirika, shirika humkabidhi mbia, mbia humkabidhi mkandarasi. Tuchukue mfano: ngazi tatu zikikata kila moja asilimia 10, shilingi 100 hufika kijijini zikiwa 73. Hakuna aliyeiba, na kila karatasi ina mhuri. Lakini shilingi 27 hazikupanda mti hata mmoja.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila mradi utangaze kabla ya kuanza fungu la usimamizi katika kila ngazi na fungu la ardhi yenyewe. Pili, hesabu hiyo isomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na wanakijiji waruhusiwe kuuliza. Tatu, ihesabiwe miti iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, si miche iliyogawiwa siku ya sherehe.

Wakili wa Injili aliitwa kutoa hesabu ya uwakili wake. Nasi tusiwanyoshee wengine kidole tu: kamati zetu za parokia zinazopokea fedha za miche zibandike hesabu zao mlangoni pa kanisa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.