Mtoto Asisukumwe Mbele ya Kinyago



Katika likizo iliyopita baba yangu mdogo, ambaye anaishi na jamaa yake huko California, Marekani, alituletea filamu fupi kwa simu. Alikuwa amempeleka binti yake wa miaka mitatu katika bustani moja ya burudani, mahali ambapo watu waliovaa mavazi ya wanyama wa katuni huwapokea watoto, huwashika mikono na kupigwa picha pamoja nao. Sote tulikusanyika sebuleni tukaitazama. Mnyama mkubwa mwenye glavu nyeupe alifungua mikono yake. Mdogo wangu alirudi nyuma, akashika suruali ya baba yake, akaangua kilio. Baba mdogo akawa anamsukuma mbele kidogo kidogo, huku akicheka na kumwambia, "Nenda, mama, nenda. Si unampenda wewe?" Sisi nyumbani tulicheka, na mimi nilicheka pia. Bibi peke yake hakucheka. Alisema, "Mtoto anaomba msaada, nanyi mwapiga picha."

Maneno hayo yalinikaa moyoni muhula mzima, nayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Rai yangu ni hii: mtoto ye yote asisukumwe kumkaribia mtu aliyevaa kinyago, hata kama tiketi imelipiwa, foleni imepangwa na picha inangojwa.

Kwanza yafaa tuijue desturi yenyewe. Mickey Mouse, yule panya wa katuni, alijulikana kwa watu katika sinema tarehe 18 Novemba, 1928. Walt Disney alipofungua bustani yake ya Disneyland katika mji wa Anaheim, California, tarehe 17 Julai, 1955, wanyama wa katuni walitembea miongoni mwa wageni. Mavazi ya siku zile yaliazimwa kutoka kwa kundi la maonyesho ya kuteleza juu ya barafu. Baadaye zilifunguliwa bustani nyingine: Florida mwaka 1971, Tokyo mwaka 1983, karibu na Paris mwaka 1992, Hong Kong mwaka 2005 na Shanghai mwaka 2016. Kote huko kuonana na Mickey na wenzake ni sehemu kubwa ya safari, na watoto wengi huchukua vitabu vidogo ili watiliwe sahihi. Wale waliofunikwa kichwa hawasemi neno, bali hutumia ishara. Mabinti wa kifalme, ambao nyuso zao ni wazi, huzungumza na watoto.

Mimi siipingi desturi hiyo hata kidogo. Wako watoto wengi wanaokimbia wenyewe kumkumbatia Mickey, na furaha yao ni ya kweli. Ninayemtetea ni yule anayerudi nyuma.

Hebu tujitie katika nafasi yake. Mtoto huyo amemjua panya yule katika simu ya mama yake. Alikuwa mdogo kuliko kiganja, na mtoto akichoka naye alimzima kwa kidole kimoja. Leo anamwona amesimama, mrefu kumpita yeye, kichwa kikubwa kuliko kichwa cha baba, kinywa kinacheka wakati wote bila kufumba. Anakuja, wala hakuna pa kumzima. Wahenga walisema, kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Sisi wakubwa hatuogopi kwa sababu twajua jinsi kilivyochongwa. Mtoto hakukichonga.

Wengine husema, "Mwambie tu kwamba ndani mna mtu." Ushauri huu wafaa kwa mtoto wa miaka sita au saba, lakini kwa wa miaka mitatu haufui dafu. Katika mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Rheta DeVries, alitoa habari za majaribio aliyofanya kwa watoto wa miaka mitatu mpaka sita. Alikuwa na paka mpole aitwaye Maynard. Watoto walimwona na kumjua. Kisha paka alivikwa uso wa bandia wa mbwa mkali, huku sehemu yake ya nyuma ikibaki wazi mbele ya macho yao. Wengi katika wale wadogo kabisa waliamini kwamba paka amegeuka mbwa. Wale wa miaka sita, kwa jumla, walijua kwamba paka ni paka. Basi tumwambiapo mtoto wa miaka mitatu, "Huyu ni mtu tu," twamwambia jambo ambalo macho yake yanalikataa. Hofu yake si ujinga wala si deko. Ni hofu ya umri wake, nayo itaondoka kwa umri wake.

Najua yatakayosemwa na wanaonipinga. La kwanza watatoa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Watasema kwamba mtoto akibembelezwa kwa kila machozi atakuwa mwoga. Methali hiyo naiheshimu, illa lazima tuitumie mahali pake. Mtoto akililia sindano ya chanjo, na achomwe, kwa kuwa sindano humkinga na maradhi. Akililia kwenda shule, na aende. Lakini kumkumbatia panya wa katuni humkinga na nini? Mchezo ni kitu cha furaha. Furaha ikitoka, mchezo haupo tena, na kulia kwake hakumjengi.

La pili watataja fedha. Ni kweli kwamba gharama si ndogo. Tiketi ya siku moja ya Disneyland hupita dola 100 kwa mtu mzima, na mtoto akifikisha miaka mitatu naye hulipiwa, kwani wanaoingia bure ni walio chini ya umri huo. Tena kuna foleni ya kumwona Mickey, na jua, na miguu inayouma. Mzazi aliyevumilia hayo yote huona uchungu kurudi bila picha. Namwelewa. Walakini fedha iliyokwisha kulipwa hairudishwi kwa machozi ya mtoto. Picha ya mtoto anayelia ni kumbukumbu ya nini? Mdogo wangu akiwa msichana mkubwa ataiona, naye ataona mkono wa nani ulikuwa mgongoni mwake.

Hapa nafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Nyumbani na shuleni twawafundisha watoto wadogo kwamba mtu wasiyemjua asiwashike, na kwamba wakiogopa waseme "hapana", kisha wakimbilie kwa mzazi. Halafu siku ya sherehe twamweka mtoto mbele ya mtu asiyemjua, ambaye hata uso wake umefichwa. Mtoto anafanya vile vile tulivyomfundisha: anasema hapana, anakimbilia kwa baba. Na baba anamrudisha. Yule aliye ndani ya vazi huenda akawa kijana mwema kabisa, anayetoka jasho kwa kazi yake halali. Lakini somo analolipata mtoto halimhusu yeye. Somo ni kwamba "hapana" yake haina nguvu watu wazima wakitaka jambo. Somo hilo hatalisahau bustanini; atakwenda nalo po pote.

Tena si lazima kukumbatiana ndipo kuwe na furaha. Bustani hizo zilifungwa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Zilipofunguliwa tena, Mickey na wenzake walisimama mbali na wageni wakiwapungia mikono, na kukumbatiana kulirudi katika bustani za Marekani mwezi wa Aprili 2022. Katika muda huo wote watoto walipunga mkono, wakarusha mabusu kwa mbali, wakapigwa picha huku panya akionekana nyuma yao. Kilichofaa kwa kuwakinga na ugonjwa chaweza kufaa pia kwa kumsitiri mtoto mwoga.

Sisi watu wa Mtwara vinyago si vigeni kwetu. Katika ngoma ya mapiko nimewaona watoto wakitazama kutoka nyuma ya kanga za mama zao, nusu wakicheka, nusu wakitetemeka. Sijapata kumwona mama aliyemchomoa mwanawe huko nyuma na kumpeleka akashikane na lipiko. Mtoto aliachiwa umbali wake.

Basi mzazi afanyeje? Kwa maoni yangu mambo manne yatosha. Aanze kwa mbali, mtoto atazame jinsi wengine wanavyosalimiana na mnyama yule. Kisha kaka au dada atangulie, ili mdogo aone kwamba amerudi salama. Halafu mzazi achutame kando ya mtoto, macho yao yawe sawa, amwulize, "Twende, au tumpungie kutoka hapa?" Na la nne, jibu lo lote litakalotoka lifuatwe. Akisema hapana, ashukuriwe aliye ndani ya vazi, nao waende wakale aiskrimu. Kesho mtoto huyo huyo aweza kuomba mwenyewe kurudi.

Huenda msomaji akauliza, habari za California zatuhusu nini sisi tunaolala bwenini? Zatuhusu. Siku hizi hata katika miji yetu vinyago vya katuni huitwa katika sherehe za kuzaliwa, na sisi ndio kaka na dada tunaoshika simu ya kupigia picha. Safari ijayo mdogo wetu akirudi nyuma, tuiweke simu mfukoni kwanza.

Nimekwisha kumwandikia baba mdogo barua ya heshima juu ya jambo hili, kwa kuwa si adabu kumsema mkubwa gazetini bila kumwambia mwenyewe. Bado hajajibu. Mwenye rai nyingine kuhusu jambo hili namwomba aiandike katika toleo la muhula ujao.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu