Urithi na Mazingira ni Chanda na Pete

Wahenga walituachia methali mbili ambazo wanafunzi wetu hupenda kuzigombanisha katika midahalo. Moja yasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine yajibu kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi, nikiwa mwalimu wa isimu, nashikilia kuwa methali hizi hazipingani, na ushahidi umo katika damu ya Wakenya wenyewe.

Tuchukue mfano wa selimundu. Jina hili limeundwa kwa ustadi kutokana na maneno seli na mundu, kwani chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujipinda mithili ya mundu. Mtu huugua maradhi haya anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Anayerithi moja tu kwa kawaida huishi bila taabu, tena jeni hiyo humkinga dhidi ya malaria kali.

Jambo hili lilibainishwa na Anthony Allison, mtaalamu aliyelelewa humu nchini. Mwaka 1949 alikusanya sampuli za damu katika sehemu mbalimbali za Kenya, akagundua kwamba jeni hiyo ilienea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali ilikuwa adimu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu yake: palipokuwa na malaria nyingi, ndipo jeni hiyo iliposhamiri. Kumbe jeni ile ile iliyo ngao penye mbu wengi haina faida yoyote pasipo na malaria.

Je, haya yanamhusu nini mwalimu? Yanamhusu sana. Mtoto aliyerithi jeni mbili hana kinga hiyo. Malaria humdhuru vibaya. Isitoshe, baridi, kiu, maambukizi na kazi za sulubu huweza kumzushia maumivu makali ya mifupa. Mtoto huyo akikosa masomo, wapo wanaomwita mvivu, na wapo wanaodai kuwa amerogwa. Anayeadhibiwa kwa kuzungushwa uwanjani alfajiri, au kunyimwa ruhusa ya kwenda kunywa maji, huenda akaishia hospitalini.

Jeni hatuwezi kuibadilisha darasani, lakini kiu na baridi twaweza kuviondoa. Kila mwalimu mkuu na awajue wanafunzi wake wenye maradhi haya, awaruhusu maji na sweta wakati wowote, na homa yao asiichukulie kuwa jambo dogo. Nanyi wanafunzi, mtakapofikia umri wa kuoa na kuolewa, pimeni damu mapema, kwani wazazi wawili wenye jeni moja moja wanaweza, katika kila uzazi, kupata mtoto mgonjwa kwa uwezekano wa mmoja kati ya wanne. Wala mama asilaumiwe peke yake. Urithi huu una wazazi wawili.