Kifaa cha umeme kisicho na kibao kisifunguliwe nyumbani

Chuma chakavu hupimwa kwa kilo, Mpanda kama kwingineko, na shaba ina bei kubwa kuliko bati. Ndiyo maana transfoma na kapasita kuukuu huvunjwa uani, mafuta yake yakaishia kwenye dumu.

Mzazi, tazama kwanza kibao. Huonyesha kiwanda, mwaka na aina ya mafuta. Kama kimeng'oka, chukulia kwamba mafuta hayo yana PCB, kemikali iliyowekwa kwenye vifaa vingi vya umeme kabla Marekani haijapiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Kwa macho au harufu huwezi kuwa na uhakika. Huamua kipimo cha maabara.

PCB husababisha saratani, huharibu ngozi, na humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma na maziwa ya mama. Moto wa kukaangia chipsi hauiondoi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, unaotaka matumizi ya vifaa hivyo yakome ifikapo 2025.

Kwa hiyo usikifungue, usikichome, wala usichotee maji kwa dumu hilo. Aliyeshika mafuta anawe kwa sabuni. Waweke watoto mbali, toa taarifa TANESCO au NEMC. Bei ijadiliwe baada ya kipimo.