Ufunguo wa Pili

Wako wasemao kwamba raia mwema hana la kuficha, na kwa hiyo kila simu haina budi kuwa na mlango ambao Serikali itaupita itakapo. Sisi tuliolelewa katika nidhamu ya jeshi tungetazamiwa kuwa wa kwanza kuliunga mkono shauri hilo. Hatuliungi.

Yaliyotokea Marekani yatosha kutufunza. Desemba 2015 watu 14 waliuawa mjini San Bernardino, na simu ya mmoja wa wauaji ikapatikana imefungwa. Februari 2016 hakimu aliiamuru kampuni ya Apple iwasaidie makachero wa FBI kuzivunja kinga zake. Kampuni ilipinga, ikisema kwamba chombo cha kufungulia simu hiyo kingeweza kufungua nyingine nyingi. Kabla shauri halijakatwa, FBI walipata msaada kwingine, wakaifungua ile moja. Upelelezi wa namna hiyo hatuulaumu hata kidogo. Damu ya watu ilikuwa imemwagika, na simu iliyotajwa ilikuwa moja.

Mlango wa kudumu ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 iliyalazimisha makampuni ya simu kuweka katika mitambo yao njia ya kusikilizia, itumike kwa idhini ya kisheria. Mwaka 2024 Marekani ilitangaza kwamba wadukuzi waliotumwa na China (nayo China ikakana) wamejipenyeza katika mitambo ya makampuni kadhaa, wakanakili hata habari zilizokuwa zimetakiwa na vyombo vya dola kwa amri za mahakama. Desemba mwaka huo maofisa wa Serikali ile ile wakawashauri wananchi watumie ujumbe uliofumbwa, usiosomeka ila na mwandishi na mwandikiwa!

Tangu ukadeti tunafunzwa kwamba ufunguo wa mafumbo ukishukiwa kuonwa na adui, hubadilishwa mara moja. Je, ufunguo wa simu za taifa zima, uliokwisha kupita mikononi mwa makarani wengi, utabadilishwaje, na nani atakayejua kwamba umeibwa? Tena ofisa aliye mpakani humwandikia mkewe kwa simu ile ile inayouzwa dukani. Waziri na jaji pia.

Polisi na waende kwa hakimu na jina, sababu na namba. Na kama fedha za kujengea mlango zipo, ziwasomeshe wapelelezi namna ya kuihifadhi simu iliyokamatwa, isije ikafutwa kutoka mbali kabla haijafika maabara.