Antena Juu ya Meli na Hesabu ya Abiria

Msomaji ana haki ya kushangaa mkazi wa Ifakara anapojitosa katika mjadala wa intaneti ya setilaiti kwenye meli za biashara. Bahari iko mbali nasi. Lakini watu wa Kilombero na Ulanga wanajua, pengine kuliko wakazi wengi wa pwani, maana ya kukabidhi roho kwa chombo cha majini. Januari 2016 kivuko chetu kilipinduka usiku kwa upepo mkali, kikiwa na abiria na magari. Tangu Mei 2018 tunapita juu ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na kumbukumbu ya kivuko inafifia. Katika mito mingine ya bonde hili mitumbwi bado inavusha watu, mpunga na samaki.

Wenye meli, na hata taasisi za umma, wanapochagua mawasiliano ya setilaiti huanza na kasi na bei. Ni maswali halali, ila si ya kwanza. La kwanza ni hili: chombo kikipatwa na maafa, nani nchi kavu atajua, na atajua nini?

Zipo setilaiti zinazokaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe wa kwenda na kurudi kupitia huko huchukua zaidi ya nusu sekunde. Zipo za karibu, kama za Starlink, kilomita 550 hivi, ambazo mazungumzo ya video hupita bila kukwama. Mwenye meli akilinganisha, moyo humwelekea ya pili, nami simlaumu. Baharia aliye miezi kadhaa safarini anastahili kuuona uso wa mwanawe, na marekebisho ya mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, yaliyoanza kutumika Desemba 2024, yanamtaka mwenye meli awapatie mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana.

Hata hivyo, masafa ya juu yanayobeba intaneti ya kasi hudhoofishwa na mvua kubwa, na aliyeishi bondeni humu mwezi Aprili hahitaji kuelezwa mvua kubwa ni nini. Masafa ya chini, yanayobeba huduma za dharura za Inmarsat na Iridium, huhimili mvua vizuri zaidi, ingawa ni ya polepole na hayafai kwa sinema. Ndiyo maana mfumo wa kimataifa wa dharura baharini, uliokamilika kutekelezwa Februari 1999, haukubali intaneti ya kawaida iwe mbadala wake. Zabuni inayoandika “mawasiliano ya setilaiti” katika mstari mmoja, bila kutenganisha burudani na dharura, inampa muuzaji ruhusa ya kuleta burudani peke yake.

Tena mfumo huo unazibana meli za abiria, na za mizigo zenye ukubwa wa kuanzia tani 300, katika safari za kimataifa. Maziwa na mito yetu hubaki chini ya sheria za ndani, na hapo mzigo unaiangukia TASAC.

Tuitazame MV Nyerere, iliyozama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Hakuna setilaiti inayozuia chombo kujazwa kupita kiasi, na yeyote anayesema hivyo anauza kitu. Lakini taifa lilikaa likikisia idadi ya waliokuwamo, kwa kuwa mkata tiketi alifariki na mashine yake ikapotea majini. Hesabu ya watu ilizama pamoja na watu wenyewe. Idadi ile ni tarakimu chache tu. Mtandao wa simu unaweza kuibeba, na pale usipofika, njia ya setilaiti iliyo ya polepole kuliko zote inatosha.

Nitaambiwa gharama ni kubwa. Kwa meli kama MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023 ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, hoja hiyo haisimami. Kwa vyombo vidogo vipo virusha ishara vya mfumo wa Cospas-Sarsat, ambavyo mtumiaji akishavinunua na kuvisajili halipi ada ya mwezi kwa setilaiti. Sitarajii mvuvi wa Kilombero anunue kimoja kesho. Natarajia ofisa anayeandaa zabuni ya kivuko cha umma aandike vifungu viwili mbali mbali: kifaa cha dharura kinachofanya kazi katika mvua, na hesabu ya abiria kufika nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa gatini. Intaneti ya kasi ije baadaye, ikiwa fedha zitabaki.